Pélagie Nyandwi, Aliyesomea Jamaa za Watu

Wazazi wetu, padri wetu, majirani wa Kilibula, na ninyi mliotoka Luvungi na Runingu, anayesimama mbele yenu ni Michée, mtoto wa mwisho wa marehemu mzee Donatien Niyongabo, aliyetumwa na jamaa kusoma maisha ya dada yake, na anaomba radhi mapema, kwa sababu karatasi iliyoandaliwa jana na baraza la jamaa, ile inayosema dada yetu alichukuliwa na ugonjwa wa ghafula, ameiacha nyumbani, na hii mnayoisikia ameiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Pélagie Nyandwi alizaliwa Runingu, tarehe 14 Machi 1987, akiwa mtoto wa saba wa mzee Donatien na mama Gikundiro, wakulima wa muhogo na mpunga, na jina Nyandwi lilikuwa la hesabu tu, la kusema huyu ni wa saba, lakini mama alizoea kusimulia kwamba huyo wa hesabu ndiye aliyeuliza maswali kuliko wote sita waliomtangulia, kwa nini shangazi anakula jikoni peke yake, kwa nini mambo ya mjane anaamua shemeji yake, maswali ambayo hakuna mkubwa aliyejisumbua kuyajibu.

Alianza shule ya msingi palepale Runingu mwaka 1993, akapoteza mwaka mzima kwa vita vya 1996, akamaliza mwaka 2000, akaendelea na sekondari hapa Uvira katika sehemu ya ualimu, akapata diploma ya Serikali mwezi wa saba 2006, na kuanzia Septemba mwaka huo alifundisha darasa la pili Luvungi, ambako alikutana na mwalimu mwenzake, Toussaint, wakafunga ndoa kanisani tarehe 22 Agosti 2009, na Mungu akawajalia watoto watatu, Noella aliyezaliwa 2010, Espoir wa 2013, na Divine wa 2017, ambao mnawaona pale.

Mwezi wa kumi 2010, akiwa bado ananyonyesha, aliingia chuo kikuu kimoja cha Bujumbura kusomea uhusiano wa jamaa na makuzi ya binadamu, akivuka mpaka wa Kavimvira kila Jumatatu asubuhi na mtoto mgongoni, akirudi Ijumaa, na hapa jamaa lazima isikie habari zake yenyewe, kwa maana siye tulicheka, tulisema wengine wanasomea udaktari, wengine sheria, huyu wa kwetu anavuka mpaka kujifunza namna ya kuishi na shangazi yake, tukasema jamaa hailetwi kwenye ubao, na ni Toussaint peke yake ambaye hakucheka, aliyepika siku za wiki, akamwambia asome mpaka mwisho.

Alisoma namna akili ya mtoto inavyokua, yanayompata mtoto anapong'olewa kwa mama yake, na namna uamuzi unavyozungushwa ndani ya nyumba mpaka umfikie kila mtu isipokuwa yule unayemhusu, na kwa kazi yake ya mwisho alitembelea wajane sitini na watatu, Runingu, Luvungi na Kilibula, akakaa nao kwenye mikeka yao, akaandika walivyotendewa na mabaraza ya jamaa baada ya waume zao kuzikwa, akaitetea mbele ya walimu wake tarehe 26 Julai 2014, na siku hiyo kutoka upande wetu hakuenda mtu.

Kuanzia Septemba 2014 mpaka mwisho wake alifanya kazi hapa mjini katika kituo cha kusikiliza jamaa, akipatanisha wazazi na watoto, na baada ya mafuriko ya Aprili 2020 aliketi wiki nyingi na watoto waliokuwa wamenyamaza, akiwapa udongo wa kufinyanga, akingoja mpaka mmoja aseme neno, na wengi waliokaa hapa leo walimpelekea matatizo yao, wakarudi wameshikana mikono, ndiyo maana inauma kusema kwamba nyumba pekee aliyoshindwa kuipatanisha ilikuwa ya kwao.

Tarehe 12 Juni 2021 Toussaint alifariki kwa ajali ya pikipiki katika barabara ya Luvungi, na tarehe 24 Julai, matanga yakiwa yamekwisha, wakubwa wa upande wa mume walimwita Pélagie, wakampa mambo mawili achague, awe chini ya Bonaventure, kaka mkubwa wa marehemu mume wake, au arudi Runingu mikono mitupu, aiache nyumba waliyojenga pamoja, awaache na watoto, naye alipouliza ni sheria ya wapi, Bonaventure alimjibu, "Weye ulisomea jamaa za wengine. Ya kwetu haiko mu kitabu."

Pélagie alimwambia bila kupandisha sauti, "Shemeji, iko. Ukurasa wa arobaini na moja wa kazi yangu ya wajane. Chukueni nyumba, watoto siwaachi."

Wakaichukua, kweli wakaichukua, na upande wetu, ambao ungepaswa kusimama nyuma yake, ulimshauri awe mpole, hivyo akapanga vyumba viwili hapa mjini, mtaa wa Kilibula, jirani na mama Nyiransengimana, muuza maziwa, mwanamke wa milima ya juu asiye na tone moja la damu yetu, wakawa wanaachiana watoto na funguo kwa miaka mitatu, na watoto hawakukosa shule hata muhula mmoja.

Sasa ule ugonjwa wa ghafula. Jumanne tarehe 5 Novemba 2024, saa mbili asubuhi, Pélagie alifika hospitali tumbo limevimba, daktari akasema utumbo umejisokota, apasuliwe siku ileile, lakini kwa utaratibu wa pale mgonjwa wa kulazwa usingizi alitakiwa awe na ndugu wa kumsimamia kwa sahihi yake, Pélagie akatia sahihi mwenyewe, wakamwambia haitoshi, ndipo simu zikaanza, Bonaventure akajibu kwamba mwenye kusoma ajisimamie, Héritier, kaka yetu mkubwa, akajibu, "Mwanamke akiolewa ni wa watu. Tukitia sahihi naye akafa, watasema ni siye tumemuua," na mdogo wake Michée, ndiye huyu anayewasomea, alipigiwa simu akiwa Luvungi, mwendo wa saa chache tu, akajibu, "Tungoje kwanza kaka mkubwa."

Jumanne ikapita, Jumatano ikapita, baraza likakaa mara mbili, likanywa chai mara mbili, daktari mwenyewe akapiga simu kuwasihi wakubwa wa pande zote, na Alhamisi asubuhi mama Nyiransengimana aliacha maziwa yake mlangoni, akaingia ofisini, akasema, "Minye ni dada yake," na pale panapoulizwa uhusiano akaandika hivyo hivyo, dada, nao wakampokea, Pélagie akapelekwa chumba cha upasuaji saa sita mchana, akiwa amemwambia jirani yake neno moja tu, "Watoto wangu wasigawanywe," lakini utumbo ulikuwa umekwisha kuoza, na Jumamosi tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi, akaaga dunia, akiwa na miaka thelathini na saba.

Jana tuliona mabega kumi na mawili yaking'ang'ania jeneza, tumeona vitambaa vya sare vimeshonwa kwa siku moja, na katika watu wote hawa, kwa siku mbili hakupatikana mkono mmoja wa kushika kalamu. Na kabla hajazikwa, baraza limekwisha kuwagawanya watoto, Noella aende huku, Espoir kule, Divine kwingine. Michée anasema mbele yenu wote, na padri ni shahidi, kwamba watoto hawa watatu watabaki pamoja, katika vyumba vyao Kilibula, yeye atahamia huko wiki hii, na anayetaka kupinga asingoje jioni kunong'ona jikoni, asimame hapa.

Jamaa inawashukuru madaktari na wauguzi waliofanya lililobaki kufanyika, wafanyakazi wenzake wa kituo waliomlilia kama ndugu, walimu wa Luvungi, na majirani wa Kilibula waliobeba maji na kuni tangu Jumamosi, na zaidi ya wote mama Nyiransengimana, ambaye jana baraza lilimpangia kiti cha nyuma, na sasa anaombwa asogee mbele, akae na watoto, mahali pa dada.

Pélagie, dada yetu, ulisomea jamaa miaka minne na ya kwako ikashindwa mtihani wa siku mbili, pumzika kwa amani ile ambayo sisi hatukukupa.