Wasifu Uliofutika

Basi lilitoka Keumbu likiwa nusu tupu, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya majani ya chai. Bosibori alifumba macho, lakini masikio yake yalikuwa kwa abiria wawili wa kiti cha mbele: msichana aliyepakata kompyuta, na Ochanda, fundi wa kompyuta ambaye Bosibori alimjua kwa salamu tu.

“Ni wasifu wa mama, tunamzika kesho,” msichana alisema. “Nilikosea neno moja. Nikabonyeza kitufe cha kutendua, nifute kosa hilo tu, ukurasa mzima ukaenda.”

“Uliandika bila kusimama?”

“Kama anayeota.”

“Ndiyo sababu, dada. Hii mashine haihesabu maneno, inahesabu pale uliposimama. Hukusimama, ikaona yote ni kitu kimoja. Bado ungeyarudisha. Uligusa kitu tena?”

“Niliandika jina lake.”

Ochanda akainama kuitazama skrini. “Ukishaandika kitu kipya, yale ya kwanza hayarudi.”

“Jina lake tu? Hiyo si haki.”

“Si haki, lakini ndivyo ilivyotengenezwa.” Akaivuta kompyuta kwake. “Wewe sema, mimi niandike. Nitasimama kila sentensi.”

Msichana akaanza taratibu: mama akiwa mdogo, mama akiimba peke yake shambani. Bosibori, macho bado yamefumbwa, akamwona mwanamke huyo akitembea ndani ya ukungu.

Kondakta alipoita Ikonge na basi likasimama, Bosibori aligundua kwamba Kebirigo, alikokuwa akienda, kulipitwa zamani. Hakuinuka. Mama alikuwa ndiyo kwanza anaolewa.