Jumapili Kumi za Nereida

Marehemu Nereida Fundora Pino alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 mjini Placetas, Cuba, akiwa kitinda mimba wa kinyozi Hilario Fundora na mkewe Edelmira. Alijaliwa ulimi mwepesi, na ukaidi ambao mama yake alishindwa kuuponya.

Alisoma hapohapo Placetas. Mwezi Mei 1980 mwalimu wake wa fasihi, Olimpia Arencibia, alijiandikisha kuhama nchi. Wanafunzi wakatolewa darasani, wakapangwa mbele ya nyumba yake wamzomee kama msaliti, maana ndivyo serikali ilivyowaita waliotaka kuondoka. Nereida, msichana wa miaka kumi na saba, akarusha yai. Jambo hili tungelifunika, lakini mwenyewe alituonya akiwa kitandani: "Lile la yai lisomwe. Msinipambe kama keki ya harusi, watu wa Hialeah wananijua."

Mwaka 1986 alihitimu saikolojia huko Santa Clara. Tarehe 2 Agosti 1987 alifunga ndoa na Evelio Quesada, fundi redio, ambaye hadi leo anaapa kwamba ni yeye aliyeposwa. Walijaliwa binti mmoja, Maylín. Mwaka 1995 walipata viza ya Marekani kwa bahati nasibu, wakahamia huko, katika mji wa Hialeah. Cheti chake hakikutambuliwa, basi akapakua wali na maharage meusi katika jiko la shule, wala hakuona haya.

Majuto ni mjukuu. Mwaka 1996, kwenye foleni ya mkate, alimwona Mwalimu Olimpia. Jumapili iliyofuata akabisha mlangoni kwake, akakiri. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango. Nereida akarudi Jumapili ya pili, ya tatu, hadi ya tisa.

"Mke wangu, huyo mama hakutaki," Evelio alimwambia. "Mwache apumue."

"Afadhali achoke yeye kufunga kuliko nichoke mimi kubisha."

Jumapili ya kumi mlango ulibaki wazi.

"Sijakusamehe," Mwalimu alisema. "Ila majirani wameanza kukuhurumia wewe, na mbaya nimekuwa mimi. Ingia unywe kahawa. Siku ile ulijua ni vibaya?"

"Nilijua, Mwalimu."

"Na hakuna mtu mzima aliyekunong'oneza kwamba unaweza kukataa?"

"Hakuna."

"Basi nenda ukawe mtu huyo."

Akasoma masomo ya jioni miaka sita, na mwaka 2003 akawa mshauri wa wanafunzi, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na tisa. Mtoto aliyeshinikizwa na wenzake kumcheka mgeni alimkuta ofisini na kahawa ya maziwa: "Kaa hapa na mimi, mwanangu, mpaka wachoke."

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na kansa ya kongosho. Kila Jumapili Mwalimu Olimpia, mwenye miaka themanini na saba, alikuja kumwosha miguu. Nereida alikuwa bado akingojea neno moja kutoka kwake, na hatuna budi kusema hakulisikia. Hilo lilituuma. Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, Evelio, binti, Maylín, na wajukuu wawili, Odalis na Ernestico. Mama yake mzazi alimtangulia mwaka 2001 huko Placetas, bila wao kuonana tena. Jana, karatasi hii ilipokuwa ikienda kuchapishwa, Mwalimu Olimpia aliomba kalamu akaongeza mstari kwa mkono wake. Tunausoma kama ulivyo: "Na mama yake wa Hialeah, Olimpia Arencibia."

Apumzike kwa amani, Nereida wetu.