Nukta Pembeni mwa Swali

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye na chungu motoni apunguze moto, aje akae. Leo tunamkumbuka mwalimu wa darasa la nne, mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake. Watoto walimwita Mwalimu Nukta. Alifariki asubuhi ya Jumatano, katikati ya wiki ya mtihani, akiwa amekwisha kuvaa viatu. Yashikeni hayo mawili: Jumatano, na viatu miguuni. Tutayarudia.

Jina hilo la Nukta lilitokana na kosa. Mtihani wa darasa la nne ni wa kuchagua majibu. Mtoto hupewa kijitabu cha maswali, na kando yake karatasi ya majibu yenye viduara. Anachagua kiduara kimoja, anakikoleza kwa penseli, na mashine ndiyo inayosahihisha. Mashine haimjui mtoto wa mtu. Sasa, mwaka uliotangulia, mtoto aliyeongoza darasa mwaka mzima alikutana na swali la saba, likamshinda, akaliruka. Kuruka si kosa. Lakini jibu la nane akaliweka kwenye mstari wa saba, la tisa kwenye mstari wa nane, akaenda hivyo hivyo mpaka arobaini. Majibu mengine yote alikuwa nayo, ila kila moja lilikaa nyumba ya jirani. Matokeo yalipotoka, wa kwanza alikuwa wa mwisho.

Mwalimu hakujisamehe. Alikuwa akiishi na mdogo wake, fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili. Mdogo wake anakumbuka: "Dada alikaa hapo kwenye kigoda changu, vitambaa vimemzunguka, akasema, 'Nimemfundisha mtoto hesabu, nikasahau kumfundisha kuruka.' Akalia. Mimi dada yangu sikuwahi kumwona analia, hata tulipomzika mama."

Ndipo ikaja nukta. Swali likikushinda, tia nukta ndogo ya penseli pembeni mwa namba yake, kwenye kijitabu na kwenye karatasi ya majibu. Nenda mbele. Kisha rudi, jibu, ufute nukta. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna kutoka chumbani na nukta.

Naye mwenyewe alizishika nukta zake. Kalenda ya ukutani darasani ilijaa alama za penseli. Dirisha lisilofungika, nukta. Barua kwa mzazi fulani, nukta. Jambo likitimia, mtoto mmoja aliitwa mbele kuifuta nukta yake, na darasa zima likapiga makofi.

Basi wiki ya mazoezi ikafika, wiki moja kabla ya mtihani. Madawati yakatenganishwa, namba zikaandikwa kwa chaki. Kila mtoto penseli mbili na kifutio. Aliwafundisha kukaa, kuvuta pumzi, kutazama saa bila kuiogopa. Akawafundisha na kunyamaza. "Chumba cha mtihani hakina maneno," aliwaambia. "Ukiona jambo, liweke moyoni. Tutaongea mtihani ukiisha." Akawaimbisha kila asubuhi. Tutaongea lini? Mtihani ukiisha!

Wasikilizaji wapendwa, na maneno hayo pia myashike.

Wazazi nao aliwaita. Baba mmoja, fundi wa magari, akasimama na kujigamba kwamba binti yake amekwisha ahidiwa fimbo akifeli. Mwalimu akamtazama kutoka chini mpaka juu. "Baba, wewe nikisimama nyuma yako na fimbo, hiyo injini utaifunga vizuri zaidi?" Wazazi wakaangua kicheko. Fundi akakaa, akacheka naye, lakini haya ilikuwa imemshika.

Mwalimu hakuuliza kwa mzaha. Binti huyo wa fundi alijua mambo mengi, ila akiwekwa mbele ya karatasi aliganda. Katika jaribio la Jumatano ya wiki ile ya mazoezi alirudisha karatasi yenye nukta arobaini. Arobaini, bila jibu hata moja! Mwalimu hakumgombeza. Alichuchumaa kando ya dawati lake. "Siku ya mtihani nitasimama mlangoni," akamwambia. "Ukikwama, inua macho. Utaniona. Kisha inama uandike."

"Siku zote nne?"

"Siku zote nne."

Jumatatu hadi Alhamisi. Aliahidi siku nne.

Lakini alipotaka kuinuka pale chini, hakuinuka. Alishika ukingo wa dawati. Mkono mwingine ukaenda kifuani. Darasa zima likaona. Akasimama hatimaye, akatabasamu, akasema goti linazeeka. Kesho yake chaki ilimponyoka mara tatu mkono wa kushoto, na mtoto wa dawati la mbele akawa anaiokota. Hakuna aliyeuliza. Watoto walikuwa wamefundishwa vizuri.

Ijumaa mdogo wake alimkokota mpaka zahanati. Daktari alimsikiliza kifua, akamsikiliza tena, akaacha kuandika. "Mwalimu, Jumatatu asubuhi uende hospitali kubwa. Moyo huu unahitaji vipimo."

"Jumatatu nina mtihani, daktari. Nipe siku nne tu. Ijumaa nitakwenda."

"Siku nne ni nyingi."

"Kwako ni nyingi. Mimi nina watoto arobaini na saba."

Njiani mdogo wake alimfokea. "Dada, ngoja ngoja huumiza matumbo. Na mficha maradhi, kilio humfichua. Wahenga hawakuwa wajinga."

"Wahenga hawakuwa na darasa la nne," mwalimu akamjibu, wakacheka wote wawili barabarani. Mdogo wake ananiambia kicheko kile kinamsumbua mpaka leo. Anasema kama angelia badala ya kucheka, huenda dada yake angegeuka.

Mchana huo mwalimu alirudi darasani, akatia nukta kwenye kalenda, Ijumaa ya wiki ya mtihani. Binti wa fundi wa magari akamwuliza ni ya nini. "Ni swali langu gumu," akasema. "Nimeliruka kidogo. Nitalirudia."

Jumatatu alisimama mlangoni, kopo la penseli za akiba mkononi. Wasimamizi walitoka shule nyingine na hawakumruhusu kuingia, lakini nje ya mlango hawakuwa na la kumwambia. Jumanne alikuwepo pia, akiegemea fremu, midomo imekauka. Binti aliinua macho, akamwona, akainama akaandika.

Jumatano mdogo wake alichemsha chai, akaita, hakuitikiwa. Akaingia chumbani. Dada yake alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, amevaa nguo ya kazi na viatu, kopo la penseli za akiba mapajani. Mwili ulikuwa bado na joto. Ilikuwa saa moja kasoro, na mtihani ulianza saa mbili.

"Nilipiga kelele, majirani wakaja, wakamlaza," anasema. "Kisha nikaliona lile kopo, na kile alichoniambia kuhusu yule mtoto kikanirudia. Nikamwacha dada yangu na majirani, nikaenda shuleni. Sijui miguu niliitoa wapi."

Mwalimu mkuu alimpokea ofisini, akafunga mlango, akalia. Kisha akakata shauri. Watoto wasiambiwe mpaka karatasi ya mwisho, Alhamisi saa sita. Funika kombe mwanaharamu apite. Wataambiwa mwalimu amepata dharura. Mimi simlaumu, wasikilizaji. Ningekuwa mimi, sijui ningefanyaje.

Saa mbili ikagonga. Katikati ya mtihani, binti wa fundi akainua macho. Mlangoni hakuwapo mwalimu. Alikuwapo mwanamke mwingine mwenye kimo kilekile, ameshika kopo la penseli kwa mikono miwili. Mtoto alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akainama, akaandika.

Alhamisi ikawa vilevile. Saa sita karatasi zikakusanywa. Wasimamizi wanasema hawakuona nukta hata moja.

Mwalimu mkuu akawakusanya darasani, mshonaji kando yake. Akakohoa. Akaanza habari ndefu, ya safari na mapenzi ya Mungu. Binti wa fundi akanyoosha mkono.

"Tunajua, mwalimu. Amekufa."

"Nani amewaambia?"

"Hakuna. Jumatano tuliona kopo lake limeshikwa na mtu mwingine. Na tulijua anaumwa tangu wiki ya mazoezi. Alikuwa anashika hapa." Akaweka kiganja kifuani. Na watoto wengine, mmoja mmoja, wakaweka viganja vyao vifuani, arobaini na saba, kumwonyesha mwalimu mkuu ni wapi.

"Sasa mbona hamkusema? Hata kwa wazazi?"

Binti akamtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

"Alisema tutaongea mtihani ukiisha."

Mshonaji akakaa chini, palepale sakafuni.

Kalenda ile bado ipo ukutani, na nukta ya Ijumaa bado ipo. Mwalimu mpya alitaka kuifuta, watoto wakamzuia. Wakamwambia kwamba hiyo haijajibiwa.

Matokeo yametoka juzi. Darasa zima limefaulu. Nawaambia kwa sababu mwalimu angetaka mjue, ingawa mimi niliposoma karatasi ya matokeo sikuweza kufurahi.

Kwa mdogo wake, mshonaji uliyesimama mlangoni siku mbili na msiba mkononi, pole sana, mama. Kwa watoto arobaini na saba, poleni, wanangu. Hamkukosea. Mlimtii mtu mliyempenda. Waliokosea ni sisi wakubwa, tunaowafundisha watoto kuona kila kitu na kutosema kitu. Mola amlaze pema.

Wasikilizaji wapendwa, kwa desturi hapa huwa nawaomba dakika moja ya kimya. Leo sitawaomba. Kimya cha habari hii kimetosha. Hiyo dakika geukeni, mmtazame mwenzenu aliye chumbani humo, yule ambaye siku hizi anashika kifua akidhani hamumwoni. Mwulizeni. Redio itawasubiri.