Kura ya Marehemu Muhidin

Tangu Batuli atoke eda, watu walikwepa kumtaja mumewe mbele yake. Lakini ndani ya gari la Malindi, abiria wawili wasiomjua walikuwa wakibishana chama chao kimsimamishe nani kuwania urais.

“Marehemu Muhidin angempa kura seneta,” alisema mwenye kofia.

“Seneta! Muhidin alisema yule ni pazia, kila upepo humgeuza. Yeye alimtaka mama waziri tu.”

“Wallahi, ungemsikia barazani!”

“Barazani wewe ulifuata kahawa, bwana.”

Batuli alijua mumewe hakumtaka yeyote kati ya hao. Lakini angesema, wangenyamaza na kumpa pole. Matsangoni, nyumbani kwa Batuli, utingo aliuliza kama kuna wa kushuka. Batuli alibaki kitini, akawasikiliza hadi gari liliposimama Malindi.