Uvimbe wa Shemeji Unakuzwa

Benchi letu liko nje ya kibanda changu cha kushona viatu, na asubuhi ile hata kahawa haijapoa nikaona leo hapakaliki. Kinyozi kaja, saluni hajafungua, macho mekundu. Wiki iliyopita mkewe alitolewa uvimbe shingoni. Jana daktari akawaomba ruhusa: kipande chembamba cha uvimbe ule, kilichowekwa kwenye kioo, kipigwe picha kwa mashine, picha iingie kwenye kompyuta, watafiti waichunguze. Leo hospitali wanasubiri jibu lao. Nami, Mungu anisamehe, nikamuuliza shida iko wapi.

— Shida? Daktari kasema kwa mdomo wake, "Tutakikuza mara mia nne." Mke wangu kalia wiki nzima utoke, halafu wao wanaukuza!

— Lahaula! — akadakia Waziri, mstaafu wetu ambaye hajawahi kuongoza hata foleni. — Mara mia nne? Utaenea chumba gani?

Chaji, fundi simu, akacheka.

— Wazee, inakuzwa picha. Hivi. — Akatanua vidole viwili juu ya simu yake.

Tukashusha pumzi. Angeishia hapo, tungekunywa kahawa yetu kwa amani.

— Ila ikishaingia mtandaoni haifutiki, — akaongeza. — Inasambaa.

— Uvimbe unasambaa? — Kinyozi akasimama.

— Picha!

— Picha ya nini? Si ya uvimbe?

Hapo hata Chaji akababaika.

— Ndiyo maana simu yangu inavimba, — Waziri akasema, akaitoa mfukoni. Kweli, mgongo umetuna.

— Hiyo ni betri, mzee.

— Na betri kaiambukiza nani?

Nikakuna kichwa. Nilijua kuna mahali tumepotea, ila nilishindwa kupaona, na ilinikera.

— Basi nawapigia, nakataa! — Kinyozi akabonyeza namba. — Hakuna kukuza, hakuna kusambaza!

Dada mmoja aliyefuata viatu vyake alikuwa amesimama anatusikiliza.

— Samahani, kaka. Uvimbe ulikuwa wa nani?

— Wa mke wangu.

— Na yeye amesemaje?

Kinyozi akamtazama Waziri. Waziri akamtazama Chaji. Mimi nikajifanya natafuta sindano.

— Haloo? — sauti ya hospitali ikasema mkononi mwa Kinyozi. — Haloo? Mmeamuaje?