Sentensi Niliyomwongezea Dada Esperance

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa hapa Kibondo na ndugu mliofika kutoka Makere na Gwarama, mimi ni Bazilio, mdogo wake marehemu na katibu wa kanisa hili, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, kazi ambayo ningeikataa kama ningekuwa na pa kukimbilia.

Marehemu Esperance Niyonsaba alizaliwa tarehe 9 Agosti 1981 huko Makere, wilaya ya Kasulu, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Nizigiyimana na mama Therese, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1990 hadi 1996, kisha akajifunza ufundi cherehani Kasulu mjini, na tarehe 14 Juni 2003 akafunga ndoa na shemeji yetu Ndayikunda, wakahamia Kibondo, wakajaliwa watoto watatu, Nadège, Josué na Akimana. Sare za shule za wengi mliokaa hapa zimepita mikononi mwake, na kama aliwahi kukuchelewesha, unakumbuka alivyokuwa akicheka na kusema vimebaki vifungo tu.

Mwaka 2018 alipata uvimbe kwenye titi la kushoto, vipimo vikaonyesha si saratani, na tarehe 12 Juni, katika hospitali moja ya Dar es Salaam, daktari alimchoma ganzi, akapitisha kwenye sindano uzi mwembamba wa mwanga wa leza hadi ndani ya uvimbe, akauunguza bila kumpasua, naye akatoka siku hiyohiyo kwa miguu yake, na miezi ilivyopita uvimbe ukanywea. Daktari alimwambia arudi kupimwa kila mwaka.

Jumapili ya tarehe 4 Novemba alisimama hapa kutoa ushuhuda, mkapiga vigelegele, mkaimba Imana ishimwe, Mungu asifiwe. Ushuhuda ule niliuandika mimi, kwa kuwa aliogopa kusema mbele ya watu bila karatasi, na mwishoni nikaongeza sentensi ambayo hakunituma, kwamba Mungu amefunga mlango na hatarudi tena hospitali kwa ajili ya titi. Niliona imependeza, naye akaisoma kama ilivyo.

Mwaka 2022 uvimbe mwingine ulitokea titi la kulia, na dada yangu, ambaye kila akiwapima akina mama blauzi aliwauliza kama wamejikagua, akaanza kujishonea magauni mapana. Mumewe alipogundua, Machi 2024, ilikuwa saratani, nayo imeshafika kwenye mapafu. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza, akanijibu kwamba angewezaje kumfanya Mungu mwongo mbele ya kanisa. Alifariki Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 43.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kibondo na Kasulu, jirani yetu Esteri aliyemwogesha kila siku, na mafundi wenzake wa sokoni waliomalizia sare alizoziacha mezani.

Uvimbe wa kwanza ulipona kweli, dada hakudanganya, mlango niliufunga mimi. Akina mama, nendeni mkapimwe, msisubiri ruhusa ya katibu.

Dada, hii ni karatasi ya pili ninayokuandikia, na safari hii sijaongeza neno. Pumzika kwa amani, mama Nadège.