Wagika, Wagalu na Utando wa Odeta

Pale kona ya Igogo, ubavuni mwa duka la vifaa vya ujenzi la Harish, kuna benchi lililoegemea jiwe kubwa ambalo wajenzi walishindwa kulipasua, wakaamua kulizungushia barabara. Benchi hilo lina sheria moja tu: ukileta hoja, huondoki mpaka birika la kahawa likauke. Asubuhi hiyo aliyeleta hoja alikuwa Odeta, binti wa mtaa, kikombe mkononi. Mchana angesimama mbele ya watahini wa chuo kuitetea tasnifu yake ya udaktari. Mara ya kwanza walimrudisha. Safari hii akishindwa, hakuna nyingine.

— Shikamooni.

— Marahaba. Mwaga hoja, alisema Mzee Ngosha, muuza kahawa, ambaye kijiwe kizima humwita Spika kwa kuwa bila yeye hakuna anayepata zamu ya kusema.

— Hoja ni ile ile iliyoniangusha, Spika. Chukueni kipande cha madini ya fedha, yale ya pete. Juu yake tandazeni utando wa oksidi, yaani madini mengine yaliyoshikana na oksijeni. Mwembamba hasa, unene wa atomu mbili tatu. Ndani ya fedha kuna elektroni, zile chembe zinazobeba umeme. Nimepima: fedha haikuupa utando elektroni, wala utando haukuipa fedha. Lakini sasa elektroni zinachomoka nje kirahisi kuliko mwanzo. Mtahini akaniuliza kwa nini. Nikajaza ubao mzima milinganyo. Akasema, “Hiyo nimeiona. Niambie kwa maneno.” Ndipo waliponirudisha.

— Hiyo shoti, dada! alidakia Nathaniel, fundi umeme, jina la kijiweni Transfoma. — Funga waya wa ardhini, kesi imeisha.

— Shoti kwenye atomu mbili? Harish alicheka mpaka kashata ikamdondoka. — Nisikilize mimi, mwanangu, niliyezaliwa juu ya bati. Oksijeni ni mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukimpa jembe, anachimba. Akichimba, tundu. Elektroni zinatokea tunduni.

— Utando wangu hauna tundu, Baba Sheetal, Odeta alimjibu Harish.

— Hata wauza bati feki husema hivyo hivyo.

— Basi ni ziwa! Transfoma alisimama kabisa. — Radi zote hizi za hapa Mwanza mnadhani zinatoka wapi? Mabati ya Igogo yanatema elektroni, zinapanda mawinguni, zinarudi na hasira zake. Mwenda pole hajikwai!

— Methali hiyo inahusiana nini na radi? Harish aliuliza.

— Haihusiani. Lakini si ni kweli?

Odeta alitamani kulia. Aliwapenda wazee hawa, walimtania tangu anaenda shule na kaptula ya michezo, lakini kahawa ilikuwa inaelekea chini na yeye hajapata hata sentensi moja ya kwenda nayo.

— Nyamazeni, Spika alisema. — Hii ni ngoma. Ujanani, kwenye mashindano ya ngoma za Wasukuma, nilicheza upande wa Wagalu. Sisi huku, Wagika kule, uwanja mmoja, na mshindi ni mwenye watazamaji wengi. Elektroni ndio watazamaji. Wamewakimbia Wagika, wamekuja kwetu!

— Hawakuvuka, Spika. Nimepima.

— Hata mmoja?

— Hata mmoja.

— Basi ni ule mwaka mbaya, ambao hatukumvuta mtazamaji hata mmoja. Watu wa Wagika walijaa, wakamwagika nje ya kamba ya uwanja, hata aliye ndani akitaka kwenda zake nyumbani hana pa kupita. Mpaka sisi tukasogeza ngoma yetu puani kwao.

Odeta aliweka kikombe chini.

— Mliposogeza, ikawaje?

— Tuliwabana. Wakarudi ndani ya kamba yao.

— Na yule wa kwenda nyumbani?

— Akapita. Njia nyeupe!

— Idadi ya watu?

— Ile ile, si nimekwambia ulikuwa mwaka mbaya?

Odeta alicheka kwa sauti mpaka wateja wa Harish wakatoka kuchungulia. Miaka yote alihesabu waliovuka, hakuwatazama waliosimama nje ya kamba. Milinganyo yake ilikuwa imelisema hilo muda wote, ila leo ndiyo aliisikia ikizungumza.

Spika alitikisa birika. Tupu.

— Twendeni, akasema.

— Wapi?

— Chuoni. Hoja ni ya benchi.

Harish alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo Igogo haijawahi kuliona. Walikaa safu ya nyuma ya ukumbi, na Profesa Kashindye, yule mtahini wa mara ya kwanza, mama wa miwani minene, akauliza swali lile lile. Odeta hakugusa chaki.

— Profesa, elektroni za fedha hazitulii ndani. Nyingine huchungulia nje ya uso wake, kama watazamaji wa ngoma waliomwagika nje ya kamba, na hizo ndizo zinazozisukuma nyuma zile zinazotaka kutoka. Utando ukikaa pale, unazibana zirudi ndani. Hakuna iliyovuka. Zimepangika upya tu hapo mpakani, na njia imefunguka.

Profesa alivua miwani.

— Mimi nimezaliwa Magu, huko huko Usukumani, alisema taratibu. — Swali la mwisho. Hao waliobanwa, ni Wagika au Wagalu?

— Wagika! Spika alinguruma kutoka nyuma.

— Tangu lini? Aliyeruka alikuwa mwenyekiti wa kikao mwenyewe, na tai yake. — Wagika hawajawahi kubanwa na mtu!

— Waulize watu wa Bulima, pale tulipochezea!

— Bulima gani? Babu yangu alikuwepo!

Nusu ya ukumbi ilisimama huku, nusu kule, na Transfoma akaanza kupiga meza kwa viganja. Odeta alibaki peke yake mbele, akilia na kucheka kwa pamoja, bila aibu yoyote. Profesa Kashindye alitia saini fomu ya kufaulu, akampa mkono juu ya meza.

— Hongera, Daktari, alisema. — Sasa nenda kawaamulie.